Jinsi ya kuona ndani ya maji ya ziwa kwa miwani ya polaroidi au kioo cha kalkuleta mbovu

Wakuu mwangaluka. Mi ni fundi simu hapa Mwanza na chini ya meza yangu kuna boksi la vioo vibovu ambalo mke wangu ameshatishia kulitupa mara tatu. Juzi kati nikaenda Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kumsalimia mjomba, yeye anavua kwa ndoano toka juu ya mawe, nikamkuta kakunja uso kama mtu aliyekula ndimu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, ziwa linawaka bwana, uzi siuoni, chambo sikioni, naona mbingu tu." Nikakumbuka kwenye pochi nina kipande cha plastiki cha kijivu nilichobandua kwenye kalkuleta, nikampa, nikamwambia weka jichoni, tazama pale, alafu zungusha taratibu. Akazungusha. Kimya. Baadae akasema neno la Kisukuma ambalo siliandiki hapa, akaanza kunihesabia mawe yaliyo chini ya maji.

Toka siku hiyo nimeulizwa sana kile kipande ni nini na kinapatikana wapi, sa naandika hapa moja kwa moja kila mtu ajaribu mwenyewe. Vitu vyote unavyo nyumbani au utavipata kwa fundi wa mtaani kwako.

Kwanza chukua rula, nenda dirishani

Kama dirisha lako lina nondo za wima, pitisha rula katikati yake ikiwa imesimama: inapita. Ilaze kwa ubapa: inakwama. Mwanga nao una tabia hiyo. Mwanga wa jua unapokuja unatikisika pande zote, juu chini, kushoto kulia, mshazari, vurugu tupu. Lakini ukigonga kitu laini kinachong'aa kama maji, kioo cha dirisha, tailizi au lami yenye maji, ule unaoruka kuja machoni kwako kwa sehemu kubwa ni ule unaotikisika kwa kulala, sambamba na uso wa maji. Huo ndo mwanga wa polaraizi. Na kile kipande cha plastiki ni nondo za dirisha, ndogo kiasi kwamba huzioni, ukizisimamisha wima mwanga uliolala unakwama nje. Kinachobaki ni mwanga uliotoka ndani ya maji, yani mawe, majani, samaki.

Aliyeligundua hili alikuwa Mfaransa, Étienne-Louis Malus, mwaka 1808. Alikuwa Paris jioni, anachungulia kwenye jiwe angavu la kalisaiti, akalielekeza kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg yaliyokuwa yanarudisha mwanga wa jua linalozama, akashangaa kuona alivyokuwa anazungusha lile jiwe mng'ao unafifia na kurudi. Yani mtu kajikalia zake jioni anazungusha jiwe! Sisi jioni tuna ziwa zima linang'aa mbele yetu na tunaishia kupiga selfi.

Kupata kifaa

Njia rahisi ni miwani ya jua ya polaroidi, yani yenye zile nondo kwenye vioo vyake. Tatizo feki ni nyingi mno. Mi mwenyewe niliuziwa moja mitaani kwa elfu kumi na tano, ina stika kabisa na kakadi ka kupimia, kufika nyumbani ni plastiki iliyotiwa rangi tu. Kwahiyo usitoe hela kabla hujapima, na usipime kwa ile kadi aliyokupa muuzaji. Washa kalkuleta, shika miwani mbele yake, uizungushe kama usukani mzunguko mzima. Kama ni polaroidi kweli kuna mahali kioo cha kalkuleta kitakuwa cheusi tii, ukiendelea kuzungusha robo duara kinarudi. Kama hakibadiliki kabisa, mrudishie miwani yake kwa upole uondoke. Simu nayo inafaa ila zinatofautiana, kuna zinazozimika kabisa, kuna zinazobadilika rangi tu, kuna zinazofifia kidogo, kalkuleta haina maneno mengi.

Kitu kingine: polaroidi na kinga ya miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, ni mambo mawili tofauti. Miwani inaweza ikawa polaroidi na isikinge UV, au kinyume chake. Na miwani nyeusi isiyokinga UV inaweza kuwa mbaya kuliko kukaa bila miwani maana mboni inapanuka gizani alafu miale inaingia, kwahiyo ukinunua ya kuvaa kila siku tafuta iliyoandikwa UV400, ikiwezekana kwenye duka la macho.

Njia ya pili, ya kwetu mafundi, ni kubandua. Kioo chochote cha LCD, iwe kalkuleta, saa ya mkononi, simu ya batani au tivi flati, kina karatasi mbili za polaraizi, moja mbele moja nyuma, na zimepishana kama msalaba. Kwenye kalkuleta, katikati kuna kimiminika kinachozungusha mwanga ili upite ile ya pili, palipopigwa umeme mwanga hauzungushwi, unakwama, ndo tarakimu nyeusi unayoiona. Ujanja wote wa LCD ni huo. Sasa chukua kalkuleta iliyokufa (iliyokufa, usiende kufungua ya mtoto wa watu wa kidato cha nne), toa kioo chake, alafu ingiza wembe kwenye kona chini ya ile plastiki ya mbele uivute taratibu. Ikigoma, pasha kidogo na bloa au drayer ya nywele, gundi italegea. Chukua ya mbele. Ya nyuma kwenye kalkuleta nyingi imebandikwa foili ya fedha, mwanga haupiti. Vaa kitu machoni maana kile kioo ni chembamba na kinaruka vipande, na ukikipasua ukaona kimajimaji, usikishike, futa na unawe mikono kwa sabuni. Gundi iliyobaki isugue kwa pamba yenye spiriti kidogo, usiloweke, utaiharibu.

Kujua upande wa juu ni upi

Kipande ulichobandua hakina alama, na kwenye LCD mara nyingi nondo zake zimekaa mshazari, kwahiyo usidhani ukikishika kilivyo ndo sawa. Mwaga maji kidogo kwenye tailizi au kwenye meza yenye vanishi karibu na mlango, rudi nyuma mpaka uone mwanga wa mlango unang'aa juu ya maji, funga jicho moja, zungusha kipande. Mng'ao ukififia kabisa simama hapohapo, chora mshale kwa maka peni unaoelekea dari. Huo ndo wima wako. Miwani haina haja ya hili, kiwandani wameshaiweka wima tayari, ndo maana ukilaza kichwa begani mng'ao unarudi.

Ziwani sasa: simama wapi, tazama wapi

Hapa ndo wengi wanakosea, mtu anavaa miwani ya polaroidi anatazama mbali huko kwenye kisiwa cha Saa Nane anasema mbona sioni kitu. Hutaona. Ukitazama maji ya mbali mwanga unaokujia umeruka kwa kuparaza uso wa maji, na kwa pembe hiyo maji yanakuwa kama kioo cha kunyolea, yanarudisha karibu kila kitu na wa wima na wa kulala. Ukitazama chini kabisa miguuni nako maji yanarudisha mwanga kidogo sana, kama asilimia 2 tu, na hauna polaraizi, miwani haina kazi. Katikati kuna sehemu tamu. Mskoti mmoja, David Brewster, aliitafutia kanuni mwaka 1815: kwa maji ni nyuzi 53 kutoka kwenye wima, kwa kioo cha dirisha kama 56. Hapo mwanga ulioruka wote umelala, polaroidi inaukata wote.

Nyuzi 53 utazipimaje ukiwa kwenye mawe na ndoano mkononi? Huzipimi. Chukua urefu wa kutoka usawa wa maji mpaka machoni kwako, zidisha kwa moja na theluthi. Hapo ndo utazame, umbali huo kutoka ulipo. Mtu mwenye macho kwenye mita 1.6 akiwa kasimama ukingoni sawa na maji atazame kama mita 2 mbele. Mjomba anasimama juu ya jiwe lenye mita moja hivi, macho yake yako mita 2.6, basi anatazama mita tatu na nusu mbele. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga unaegemea ukuta wa juu macho yako yanaweza kuwa mita tano juu ya maji, tazama kama mita saba pembeni. Sio lazima iwe hapo haswa, ukizidi au kupunguza kidogo bado inakata sana, ila ukienda mbali zaidi utaona mng'ao unarudi taratibu.

Muda nao una maana. Asubuhi mapema ziwa limelala ni zuri sana. Mchana upepo wa ziwani ukianza, kila kiwimbi kinakuwa kijioo chake kimeinama kivyake, pembe zinavurugika, utapunguza mng'ao lakini vinyota vinyota vitabaki. Hivyo vijioo ndo vinatengeneza ile njia ndefu ya dhahabu jua likizama. Mwanga unaruka kwa pembe ileile uliyojia, kwahiyo maji yangekuwa bapa kabisa ungeona jua moja tu chini ya jua lenyewe, ila viwimbi vya karibu na vya mbali kila kimoja kina upande ulioinama sawasawa kukurushia wewe, vikijipanga unaona njia inakuja mpaka miguuni kwako. Na mwenzako aliyesimama hatua ishirini pembeni anaona yake inakuja kwake, hamuoni njia moja. Mbalamwezi hivyohivyo.

Kingine msije mkanilaumu: polaroidi inakata mng'ao wa juu, haisafishi maji. Mvua ikinyesha Mto Mirongo ukishusha tope lake mjini, au maji yakiwa ya kijani kwa ule mwani, hamna miwani itakayokusaidia, mwanga unapotelea ndani. Hata furu wanapata shida hiyohiyo. Wale samaki majike wanachagua dume kwa rangi, na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la Science kuhusu furu wa ziwa letu, wakaonyesha kwamba palipo na maji machafu rangi hazionekani vizuri, jike anashindwa kubagua, aina zinachanganyika. Sa samaki mwenyewe haoni, we na kipande cha kalkuleta utaona nini?

Alafu usiingie majini kufanya haya majaribio, kichocho kipo. Kaa kwenye jiwe.

Umeshamwona samaki. Ila hayupo hapo

Mng'ao ukishaondoka utaona vizuri na utaona uongo. Mwanga kwenye maji unakwenda polepole kuliko hewani, kama kilomita 225,000 kwa sekunde wakati hewani ni karibu 300,000, na ukitoka majini kwa mshazari unapinda. Jicho lako halijui kama umepinda, linadhani umekuja umenyooka, basi linamweka samaki juu zaidi ya alipo.

Jaribu nyumbani: weka sarafu ya 200 chini ya sufuria isiyo na maji, rudi nyuma mpaka ukingo wa sufuria uifiche kabisa, usisogeze kichwa, mwambie mtu amimine maji taratibu bila kuisukuma. Sarafu itachomoza yenyewe. Watoto wangu walinirudisha jikoni mara nne.

Kwa vipimo, ukitazama toka juu kabisa, kina unachokiona ni robo tatu ya kina halisi. Mita mbili inaonekana moja na nusu. Ukitazama kwa mshazari inaonekana fupi zaidi ya hapo. Vijana wanaochoma samaki kwa mkuki walenge chini ya samaki wanayemwona, mshazari ukizidi ndo ulenge chini zaidi. Na nyie wazazi, mtoto anayetazama toka kwenye mwamba akasema hapa maji ya kifua naruka, kile anachoona ni uongo wa robo nzima, maji ya kifua kwa macho yanaweza kumfunika yeye.

Samaki naye anatuona kwa utaratibu huo. Kila kilicho nje ya maji kwake kimebanwa kwenye duara juu ya kichwa chake, upana wa kama nyuzi 97, nje ya duara hilo anaona kioo kinachomrudishia chini ya ziwa. Vitu vilivyo chini chini karibu na ukingo vinabanwa pembeni kabisa mwa duara, vyembamba, hafifu. Nilivyomweleza mjomba akacheka, "Sa we unadhani kwanini siku zote navua nimechuchumaa?"

Angani

Geuza kipande chako angani siku isiyo na mawingu. Nyoosha mkono mmoja kuelekea upande wa jua (usilitazame jua, na polaroidi haikingi macho dhidi ya jua, hata kidogo), mkono mwingine uweke uwe kona ya mraba na wa kwanza. Kote mkono wa pili unapoweza kuzunguka ndo anga lenye polaraizi kubwa. Jioni jua likiwa upande wa Sengerema, mkanda huo unatoka kaskazini, unapita utosini, unashuka kusini. Zungusha, utaona buluu inakolea na kufifia. Weka kipande mbele ya kamera ya simu, zungusha mpaka anga likolee ndo upige, mawingu yanatoka meupe kama pamba bila programu yoyote ya kuhariri. Nyuki nao wanatumia mkanda huu kujua uelekeo jua likifichwa na wingu, Karl von Frisch ndo alilionyesha, miaka ya 1940 mwishoni, nyuki hawahitaji kalkuleta.

Upinde wa mvua ndo ninaoupenda zaidi. Unakaa nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako, kwahiyo jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 upinde unazama chini ya upeo wa macho. Kwa hapa Mwanza ina maana utafute kabla ya saa nne asubuhi hivi au kuanzia saa kumi jioni, mchana usijisumbue. Asubuhi jua likiwa mashariki upinde unatokea magharibi, juu ya ziwa. Sa vaa miwani yako: juu ya upinde panafifia, miguu yake miwili inabaki. Laza kichwa, juu panarudi. Mwanga wake umepolaraiziwa kufuata mzunguko wa upinde wenyewe, juu umelala, pembeni umesimama. Nilimwonyesha abiria mmoja kwenye daladala akaniomba aishike mwenyewe, tukapitilizwa kituo wote wawili.

Mambo ya kukaa nayo

Mng'ao wa mabati haukatiki. Metali zinarudisha mwanga bila kuupolaraizi sana, kwahiyo paa la jirani litaendelea kukuumiza macho na miwani yako ya polaroidi. Yale maji unayoyaona kwenye lami jua likiwaka, ukienda barabara ya Shinyanga, yale si mng'ao wa maji kabisa, ni anga, hewa ya moto juu ya lami inapindisha mwanga.

Ukiwa umevaa polaroidi na ukaona madoadoa kwenye kioo cha nyuma cha gari, kioo hakijaharibika. Kile kioo kilipikwa na kupoozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu, mkazo umebaki ndani, anga likikimulika na miwani ikakata unauona. Unaweza kutengeneza wako: fungua ukurasa mweupe kwenye kioo cha LCD cha kompyuta, weka mbele yake rula angavu ya plastiki au uma wa keki, tazama kwa kipande chako ukizungusha. Utaona rangi za upinde zimejikunja palepale plastiki ilipobanwa ikiwa ya moto. Bonyeza rula kidogo, rangi zinahama.

Bodaboda, mvua ikinyesha vueni. Ule mng'ao wa oili na maji kwenye lami ndo unaokuambia hapa panateleza, miwani inaufuta. Usiku pia vueni, inakata mwanga zaidi ya nusu.

Kipande usikiache kwenye dashbodi wala kwenye maji, joto na unyevu vinakiharibu, kinabadilika rangi alafu kinabanduka tabaka. Mi nakiweka katikati ya karatasi mbili ndani ya pochi. Nilikuwa nakiweka, maana kile cha mwanzo mjomba hajakirudisha, amekitoboa tundu amekifunga kwa uzi wa nyavu shingoni, na jana kanipigia anaomba kingine cha jicho la pili.